Ngoro Ndani ya Kioo

Mbinga, Jumapili jioni, mwezi wa sita

Mwanangu Winfrida,

Umelala mapema na nimeshukuru, kwa sababu ungekuwa macho nisingeweza kuandika. Zile ndoo mbili zenye mifuniko umeziacha mlangoni, zimeoshwa, hazina kitu. Kila nikienda jikoni nazipita. Najua zinangoja nini.

Ijumaa tulipokuwa tunaanika kahawa uliniuliza mambo mawili. Kwanza uliuliza kama unaweza kuondoka na samaki wa kaka yako. Halafu ukauliza lile tangi la samaki la huko ziwani uendako kufanya kazi ulipande majani kiasi gani na uliwekee mapambo kiasi gani, maana mwenye nyumba ya wageni amekuachia uamue wewe. Nilisema tu, "Geuza hiyo kahawa, jua linaondoka." Ukageuza. Hukuuliza tena. Tangu ukiwa mdogo hukuwa mtu wa kuuliza kitu mara ya pili, na mimi nimekuwa nikijificha nyuma ya tabia yako hiyo.

Kwa hiyo nakujibu hapa. Mambo ya kula, ya kuamkia wakubwa, ya kutunza vitu vyako sitaandika, unayajua. Nitaanza na hilo la majani na mapambo kwa sababu ndilo ninaloliweza. Lile la kwanza ni gumu, nitalifikia.

Unakumbuka siku kaka yako Eusebi alipolileta tangi letu? Alilipakia kwenye pikipiki kutoka kwa fundi wa vioo, yeye amekaa nyuma amelikumbatia, uso wake unaonekana upande wa pili kama mtu aliye dirishani. Alipoingia alisema, "Mama, sogeza kabati."

"Kabati la vyombo lisogee kwa ajili ya samaki wasioliwa?"

"Wanaliwa kwa macho, mama."

"Basi na ugali leo utakula kwa macho."

Nikasogeza. Aliliweka kwenye ule ukuta unaopakana na jikoni ili moto wa mafiga uupashe ukuta, na ukuta upashe maji. Alisema samaki wa ziwani hawajui sweta. Alileta mchanga kwa mfuko wa salfeti, na mawe, mawe mengi, ambayo nilidhani ni ya kujengea. Akayapanga mpaka karibu na juu ya maji, moja limeegemea jingine, na kati yake mapango ambayo mkono wako ulipita lakini wangu haukupita. Upande wa kushoto hakuweka kitu. Mchanga mtupu. Nilisimama nyuma yake na kanga mabegani nikamuuliza, "Na maua yako wapi?"

"Kwao hakuna bustani, mama. Kwao ni mawe. Nikizama naona mawe, halafu mawe, halafu mchanga, halafu giza."

"Na hapo kushoto mbona kama sebule ya mtu aliyehama?"

Alicheka. Akasema samaki anahitaji mahali pa kugeukia. Hata hivyo, kwa ajili yangu, akapanda shada moja la yale majani marefu kama utepe, nyuma ya jiwe. Kulipokucha lilikuwa linaelea. Samaki walikuwa wamechimba mchanga usiku kucha wakaling'oa. Akaniita nije nione. "Umeona? Wamelima." Nayakumbuka maneno hayo kuliko mengi aliyoniambia ya maana.

Ambrosi ulimzoea akija naye. Nataka nimwandike kidogo kwa sababu kesho utakuwa karibu na kwao kuliko kwetu. Kijana wa Chiwanda, Mnyasa, Mwanglikana, mwembamba kama kasia, na kazi yao ilikuwa moja: kuwakamata samaki wa mapambo kwenye miamba na kumuuzia mtu anayewasafirisha. Eusebi alizama, Ambrosi alibaki kwenye mtumbwi ameshika kamba. Wakipanda Mbinga nilikuwa nawapikia maharage, na Ambrosi hakukosa neno.

"Shikamoo mama. Maharage tena? Nyie Wamatengo mkifa mtaota."

"Marahaba. Na nyie Wanyasa mkifa tutawaanika juani kama usipa, hao dagaa wenu."

Eusebi alikuwa anacheka mpaka anaweka kijiko chini. Utani ule niliupenda sana. Sasa siuwezi, na Ambrosi hauwezi, na tukikutana tunaongea habari za mvua.

Siku ile aliingia ndani bila kuamkia. Wewe ulikuwa unachambua mchele. Nikamtazama anapita mlangoni, anakaa, bila shikamoo, kijana aliyelelewa vizuri namna ile, na nikajua kabla hajafungua mdomo. Alisema kamba ilikuja nyepesi. Hilo tu. Mengine alikuja kuyasema baadaye, kidogo kidogo, na baadhi hajayasema mpaka leo. Pale walipokuwa wanazamia, mwamba unashuka ghafla kama ukuta, na chini yake hakuna mtu anayefika. Walimtafuta kaka yako mpaka wazee wa pale ufukweni wakaja kunishika mikono na kuniambia nirudi nyumbani.

Tukasoma misa bila jeneza. Baba yako mdogo alitaka tuzike lile koti lake la kijani pale Mkumbi, kando ya baba yako. Alisema mtu asipopatikana lazima pawe na mahali, la sivyo waliobaki watazunguka tu. Nilimfukuza. Nilimwambia, "Unataka kumzika mtoto wangu kwa nguo? Je, akirudi atavaa nini?" Watu walikuwepo, wakainama. Yeye alivaa kofia yake akaondoka, na tangu siku hiyo akija hapa anasimama uani.

Sasa nakuja kwenye yale ambayo hukuyaona, kwa sababu ulikuwa Songea kwa shangazi yako ukimuuguza. Wewe uliona mwisho wake tu.

Ulikuwa mwezi wa tatu, wakati wa kuandaa ngoro za maharage. Unajua kwetu kazi hiyo ina watu wawili. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana mpaka mteremko wote unakuwa miraba. Mwanamke anakuja nyuma yake na jembe, anachimba udongo katikati ya kila mraba na kuyafunika majani, panabaki shimo katikati na tuta pande zote. Mvua ikinyesha maji yanaingia shimoni badala ya kuondoka na shamba. Majani yanaoza chini ya tuta na maharage yanakula hapo. Baba yako alinilazia majani tangu nilipoolewa. Alipofariki, Eusebi akashika panga akiwa bado mtoto wa shule, na kila mwaka alipanda kutoka ziwani kuja kunilazia. Alikuwa akiniambia, "Mama, fukia vizuri, usiniache na miguu nje," kana kwamba majani yale ni yeye.

Mwaka ule nilikwenda Mkumbi peke yangu. Nikasimama juu ya mteremko. Majani yalikuwa yamenifika kiunoni na hakuna aliyeyagusa. Nilipita kwenye kaburi la baba yako nikalifagia. Unalijua, lina saruji, lina msalaba, lina yale maua ya njano niliyoyapanda mwenyewe yakashika. Nikawaza kwamba huyu nimempa kila kitu, na yule sina pa kumwekea hata ua moja. Nikachukua panga nikafyeka fungu la majani, nikalifunga, nikajaza udongo mweusi kwenye mfuko, nikang'oa na miche ya kandokando ya kijito, nikashuka na mzigo wote huo kichwani hadi barabarani. Kondakta aliuliza, "Mama, unahamisha shamba?"

Niliwahamisha samaki kwenye karai. Nikatoa mawe yote ya Eusebi nikayarundika nje, pale chini ya mfereji wa bati. Nikapunguza mchanga. Halafu nikalaza majani ndani ya tangi, Winfrida, kwa mistari inayokatana, kama alivyokuwa analaza yeye, kwa mikono yangu ambayo haikuwahi kufanya kazi hiyo. Nikafunika kwa udongo wa Mkumbi. Nikatengeneza matuta madogo na mashimo madogo katikati. Nikapanda. Nilipanda miche ya kijitoni na majani ya utepe kila mahali, hata ile kona ya kushoto, ile hasa, kwa sababu utupu wake ulikuwa unanitazama kila nikinywa chai. Nikaongeza maua ya plastiki yaliyobaki kwenye misa. Nikaweka kombe za ziwani ulizookota ukiwa mdogo, rozari yake, na kile kikombe chake cha bati chenye kovu mdomoni. Nikamwagia maji taratibu. Nikarudisha samaki.

Siwezi kukudanganya. Kilikuwa kitu kizuri. Majirani walikuja kukiona. Mama wa nyumba ya pili alikunja mikono kifuani akasema, "Mama Eusebi, kweli mwanao umempamba." Na mimi kwa mara ya kwanza tangu kamba ile nililala usingizi mzima.

Samaki sikuwaona tena, walikuwa wamejibana kwenye majani. Sikujali. Sikuwa nawatazama wao. Maji yakawa na rangi ya chai, nikasema ni udongo. Yakaanza kutoa mapovu kutoka chini, pale kwenye matuta, na harufu kama ya shimo la taka, na mimi nikakaa mbele yake na kusema udongo unapumua, umekubali. Shambani majani yanaoza kwa sababu yana hewa na jua na mvua inayopita. Ndani ya kioo hayakuwa na pa kupitia. Yalioza yakinyang'anya samaki hewa yao. Kilichokuwa kinawabakiza hai ilikuwa ile pampu ndogo aliyoiacha Eusebi. Ndipo jioni moja umeme ukakatika, nami nikafunga milango nikalala.

Asubuhi walikuwa juu, midomo nje, wengine wameshageuka tumbo. Wale wa bluu, wale wa njano, yule mwenye mistari aliyekuwa anatawala pango la kati na ambaye Eusebi alimwita Mwenyekiti. Na wewe ukaingia na begi lako kutoka stendi, bado na vumbi, ukasimama.

Uliweka begi chini, ukatia mkono mpaka begani, ukaanza kung'oa. Maji meusi yakamwagika kwenye sakafu. Mimi nikapiga kelele. Nilisema, "Acha! Unachimbua kaburi la kaka yako!"

Ulisema, bila kupaza sauti, "Mama, kaka hayumo humu. Waliomo ni hawa."

Nikakupiga kofi. Mkono wako wa pili ulikuwa umemshika samaki jike mmoja wa bluu iliyofifia, na kichwa chako kilienda upande, lakini mkono hukuufungua wala hukuubana. Ulimpeleka kwenye ndoo ya maji ya mvua uani, ukapiga magoti, ukawa unayachota maji kwa kikombe na kuyamwaga tena kutoka juu ili yapate hewa. Ulikuwa umekiokota kikombe kilekile cha bati. Ulichota na kumwaga mpaka jua likawa juu ya paa. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni nakutazama mgongo. Jirani yetu alipita akatukuta hivyo, akarudi zake.

Nimesamehewa na Mungu kwa kofi lile, hivyo ndivyo padri alivyoniambia. Wewe sikukuomba. Nilikuwa nakupikia vitu unavyovipenda.

Ambrosi alipopanda wiki hiyo alikuta tangi bado liko vilevile na ngoro zake, limekauka nusu. Akachungulia. Nikadhani atasema kitu cha utani, mdomo wake ulianza hivyo. "Mama," alisema, "umelima ngoro ndani ya kioo." Halafu akakaa sakafuni akalia kwa sauti, kwa mara ya kwanza mbele yangu. Alipomaliza akaenda kule chini ya mfereji, akayakusanya mawe, akayasugua moja moja kwa brashi ya nguo. Hakunilaumu. Alikuwa anafundisha mikono yako zaidi ya masikio yangu, lakini nilisikia, na hayo ndiyo ninayokurudishia sasa kwa kuwa umeniuliza.

Alisema jiwe likae kwenye kioo chenyewe kwanza, mchanga ufuate baadaye, kwa sababu samaki hawa huchimba chini ya mawe na jiwe lililokaa juu ya mchanga litawaangukia. Alisema mawe yawe mengi, majani yawe machache, na yasipandwe kwenye udongo. Yafungwe kwa uzi juu ya jiwe, yale majani magumu wasiyoyapenda. Wanachokula wao ni ule ukungu wa kijani unaoota juu ya mawe, na ukungu huo unataka mwanga, na ukijaza majani unawaibia. Alisema kila kitu unachokiweka ndani jiulize unamwekea nani. Hili la mwisho alilisema akiwa ameinama, hakunitazama, na labda hakunikusudia.

Yule jike hakula. Tulidhani anakufa. Taya lake lilikuwa limevimba, amefunga mdomo, na chakula kikimpita puani hakitazami. Wewe ndiye uliyeleta tochi ukasema, "Mama, ana watoto mdomoni. Hawa huwalea humo." Katika yote yale, kwenye maji ya chai na mapovu, ndani ya karai, ndani ya kiganja chako na kofi juu yake, hakuwatema. Nilikaa naye kando ya ndoo siku nyingi. Nitakuambia ukweli ambao si mzuri: nilimwonea wivu. Nilisema moyoni, huyu amewezaje. Halafu asubuhi moja akafungua mdomo na wakatoka, vitu vidogo kama punje za ulezi zenye macho, na alipoona kivuli changu akawarudisha. Akawatoa tena. Akawarudisha. Mwisho alibaki amefungua tu mdomo, mwembamba, kichwa kikubwa kuliko mwili, na wao wakaondoka kila mmoja upande wake, wala hakuwafuata.

Hao ndio walioko kwenye tangi pale ukutani sasa. Umewakuza kwa unga wa dagaa na kwa mawe ya Eusebi. Sijawahi kukuambia kwamba asubuhi, ukiwa kisimani, nawahesabu.

Baada ya hapo ningepaswa kuwa nimejifunza. Sikujifunza. Niliondoa mikono yangu kwenye tangi nikaipeleka kwako. Nilikujaza. Nilikuandikisha kwaya, nikakutafutia cherehani, nikakupeleka kwenye mafunzo ya mapishi, nikakuongezea sehemu ya kahawa uisimamie, na kila jioni palikuwa na mgonjwa wa kutembelea au shughuli ya mtu. Watu walisema Mama Winfrida analea. Siku hizi wananiita Mama Winfrida, umeona? Waliacha lile jina la zamani kwa huruma, na mimi kila wakiniita nasikia walichokiruka. Nilikupanda kila kona, mwanangu, ili usipate nafasi ya kugeuka na kutazama upande wa ziwa. Ambrosi alipokuletea habari ya kazi hii mara ya kwanza nilimwambia huwezi, una kwaya. Alipokuja tena nikasema una mafua. Ulikuwa umekaa pale ukiwa mzima kabisa, ukanitazama, ukapiga chafya ya uongo kunisaidia. Nilicheka peke yangu chumbani, halafu nikaona nilichokifanya. Mtoto anakosa pumzi na bado ananifunikia aibu.

Kwa hiyo hilo ndilo jibu la majani. Ukiwa na shaka, punguza.

Lile tangi la mwenye nyumba nimeliona kwenye simu yako, ile picha aliyokutumia ya mfano anaoupenda. Majani ukuta kwa ukuta, ngome ya plastiki, meli ndogo iliyozama, na yule mtu mdogo aliyevaa nguo za kuzamia, anayesimama chini na kutoa mapovu. Ulifunika skrini kwa kidole gumba upesi, ukidhani sijaona. Niliona. Yule mama hana kosa, anauza vyumba, anataka wageni wafurahi wakisubiri funguo. Mweleze kwa upole samaki hawa wanavyoishi, mwonyeshe mawe yalivyo mazuri yakipangwa na mtu anayejua. Akitaka ngome, mwachie ngome. Akitaka meli, sawa. Lakini yule mtu mdogo wa mapovu, ukiweza, usimweke. Kama hutaweza, mgeuze atazame ukuta.

Sasa lile la kwanza.

Wachukue. Wote. Usiniachie hata mmoja kwa kunihurumia. Mchukue na yule mzee, mama yao. Nilitaka kumwomba abaki, nimeandika sentensi hiyo nikaikata, utaiona hapo juu imechorwachorwa, usihangaike kuisoma. Amezeeka, pengine atakufia njiani kwenye zile kona za mteremko. Akifa, amekufa akienda upande wa kwao. Mwekee jiwe moja ndani ya ndoo ajifiche.

Mawe nayo uyachukue. Gari litakulipisha mzigo, tutaongea na kondakta. Yale yalitoka huko na yamekaa hapa vya kutosha. Tangi litabaki kwangu. Nitalikausha, nitalifuta, nitaweka maharage ya mbegu. Panya hawapandi kioo. Usinionee huruma ukilikumbuka. Ni chombo kizuri cha mbegu.

Na nimemtumia ujumbe baba yako mdogo. Nimemwambia kahawa ikiisha aje, aingie ndani, akae kwenye kiti. Tutalipeleka lile koti Mkumbi. Nitaomba aje na panga pia, anilazie majani kwenye ule mteremko wa juu. Nimeuacha ukawa pori na ninajua nani angenicheka. Sitapanda maua mengi pale. Utakuja, na Ambrosi, akikubali.

Kuna jambo mama yeyote wa huku angelikuandikia katika barua hii, nawe umekuwa ukilingoja tangu mwanzo. Silisemi. Sitakuambia usiingie majini. Ninalo hapa kooni, nimelibeba tangu Ambrosi alipotuletea habari ya kazi, na ningeweza kulibeba mpaka nife. Utafika, utaliona ziwa kutoka juu pale barabara inapogeuka, na utaamua mwenyewe kama unalishukia kwa miguu yako. Kaka yako yumo mle. Sitaki ulichukie kwa ajili yangu wala usilipende kwa ajili yake.

Lile kofi, Winfrida. Naomba unisamehe. Nimeliandika ili kesho stendi, mbele za watu, nisianze kulia ukachelewa gari.

Kikombe cha bati nimekitia ndani ya begi, katikati ya vitenge.

Ninakuomba kitu kimoja kidogo. Ukishapanga mawe ya huko na kila kitu kimekaa, ile kona ya kushoto usiipande. Watakuambia pamebaki wazi, watakuletea kombe, watakuletea maua. Waambie mama yako kasema paachwe. Paache mchanga mtupu, na ukipita hapo na ndoo yako ya maji, unikumbuke.

Mama yenu